Vilele Viwili kwa Siku Moja

Sisi tukaao Itaka tumezoea kuitazama milima ya Mbeya tuwapo safarini, katika barabara kuu itokayo Tunduma. Lakini kuitazama si kuipanda. Basi mwezi wa Juni, mvua zilipokwisha na majani yalipoanza kukauka, tulikusudia kuupanda Loleza, wenye mita 2,656, kisha tufuate mgongo wa mlima hata kilele cha Mbeya, chenye mita 2,818, na jioni tuteremkie Mbalizi, palipo njiani kwetu. Tulikuwa watu sita: walimu wawili, vijana watatu, na mzee mmoja aliyetufundisha sisi sote kusoma, naye sasa amestaafu.

Usiku wa kuamkia safari mwalimu mmoja alitusimulia habari za watu wa Ulaya waungao vilele vya milima ya Alps wakati baridi inapoanza kulegea kwao. Hufunga miguuni mbao ndefu nyembamba, na chini yake hubandika vitambaa vyenye manyoya, ambavyo zamani vilikuwa ngozi ya sili, wasirudi nyuma wapandapo. Mwaka 1911 ndipo watu walipoimaliza mara ya kwanza kwa mbao hizo njia ndefu ya kutoka Chamonix hata Zermatt. Na mwaka 1912 Wajerumani wawili, Furtwängler na König, waliteleza hivyo katika theluji ya Kibo, katika nchi yetu hii. Vijana walicheka sana. Mzee hakucheka, aliuliza watu hao huondoka saa ngapi. Akajibiwa ya kuwa huondoka kabla ya mapambazuko, theluji ikali ngumu, kwa maana jua la mchana huilegeza hata ikaporomoka na kuwafukia watu. Mzee akasema, "Nasi tutaondoka saa kumi na moja."

Ndivyo tulivyofanya. Saa tatu tulikuwa Loleza. Juu pana milingoti ya mawasiliano, nasi tulikipita kilele ubavuni. Taabu ilianza baadaye. Kwa hesabu ya karatasi, vilele hivi vyapitana mita 162 tu. Miguu haiijui hesabu hiyo, maana mgongo wa mlima huteremka, ukapanda, ukateremka tena, na kimo ulichokinunua kwa jasho wakiacha bondeni. Tena maji hatukuyaona huko juu, ila yale tuliyoyachukua.

Saa tano ukungu ukatufunika. Mzee akaagiza kila mtu aketi mahali pake, kwa kuwa kando yetu palikuwa na mtelemko mkali. Tuliketi saa mbili na nusu, tukitetemeka, tukila viazi vya baridi. Ukungu ulipoinuka kilele kikaonekana mbele yetu, safi kabisa, mtu angedhani ni cha kushikwa kwa mkono. Lakini kwa mwendo wetu kilitaka saa mbili za kupanda, na saa tatu nyingine za kushuka. Giza lingetukuta njiani.

Kijana mkubwa akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Utuwie radhi, tuache sisi watatu twende mbio, nanyi mshuke."

Mzee akajibu, "Marahaba, mwanangu. Nendeni. Nami si kizuizi cha mtu."

Hapo tukanyamaza sote. Tulijua ya kuwa magoti yake yalimwuma tangu Loleza, na ya kuwa kijana yule ndiye aliyekuwa na kamba na chupa ya mwisho yenye maji. Yeye mwenyewe aliitazama ile chupa, kisha akakitazama kilele kwa muda mrefu. Akaivua kamba begani, akamfunga mzee kiunoni, akatangulia kushuka upande wa kusini, akimwonyesha pa kukanyaga hatua kwa hatua.

Tulifika barabarani saa kumi na mbili, magari yakiwasha taa. Vijana wamekwisha kupanga kurudi Agosti, nao wataanza kwa kilele cha Mbeya. Jumapili iliyopita mzee aliwauliza wataondoka saa ngapi.