Damu ya Pande Mbili

Tulimzika mtoto yule katika msimu wa korosho, hapa Nyangamara. Alikuwa na miaka minne, na alikuwa wa pili kuzikwa kutoka tumbo lile lile. Tulisoma maneno ya Ayubu, tukaomba, tukanawa mikono, tukala. Mama yake hakulia tena. Alikaa akitazama miguu yetu.

Wiki iliyofuata ukoo wa mume ulikuja kwa wazee wa kanisa. Walisema watoto wa mwanamke yule huanza na macho ya manjano, mikono na miguu ikavimba, kisha usiku hulia kwamba mifupa inauma. Kwao hayo hayakuwepo. Basi ameyaleta yeye. Walitaka arudishwe kwao, na sisi tuwaelewe. Wapendwa, inatupasa kukiri: hatukukataa. Tulisema tutaliweka jambo hilo katika maombi. Mchungaji akisema hivyo, mara nyingi anaogopa wenye nyumba.

Alibaki binti mmoja wa mwaka na nusu, na vidole vyake vilikuwa vimeanza kuvimba. Muuguzi mmoja anayeimba sauti ya pili katika kwaya yetu alitungoja mlangoni baada ya ibada. Akauliza, "Baba Mchungaji, huyu mtoto amepimwa selimundu?" Hatukuwa na jibu. Tulisoma theolojia miaka mingi, lakini neno hilo tulikuwa tumelisikia redioni tu.

Tulianza kuuliza na kusoma, na hapo ndipo tulipokutana na kazi ya Profesa Julie Makani. Ni Mtanzania, daktari na mtafiti wa magonjwa ya damu, aliyesomea udaktari Muhimbili kisha akaendelea Oxford, Uingereza. Mwaka 2004 yeye na wenzake walianza kuwaandikisha wagonjwa wa selimundu pale Muhimbili na kuwafuatilia mmoja mmoja, mwaka hadi mwaka, hata wakapita 5,000. Kazi hiyo ilimpatia tuzo ya Royal Society ya London mwaka 2011. Sisi kilichotugusa zaidi ni lile daftari. Watoto wetu wawili walikufa bila kuandikwa popote ila katika kitabu cha ubatizo.

Jina lenyewe linaeleza. Chembe nyekundu ya damu, ambayo ingekuwa duara na laini, hujikunja kama mundu. Chembe hizo hunasa katika mishipa midogo na kuiziba, ndiyo maumivu ya mifupa. Huvunjika mapema, ndiyo upungufu wa damu na macho ya manjano. Damu yenyewe huwa nyepesi kuganda mahali isipotakiwa, na wako watoto wanaopata kiharusi. Makani na wenzake walionyesha kwamba vifo ni vingi zaidi kabla ya miaka mitano, na kwamba malaria, ingawa haiwapati wagonjwa hawa mara nyingi kuliko wengine, ikiwapata huwa hatari sana. Kumbe yako mambo ya kufanya: penisilini kila siku katika miaka ya mwanzo, foliki asidi, chandarua, maji mengi, na dawa ya haidroksiurea kwa anayeandikiwa na daktari.

Binti alipimwa. Anayo.

Lakini jambo lililotupeleka barazani kwa babu yake ni lingine. Mtoto haugui ugonjwa huu kwa urithi wa mama peke yake. Lazima apokee kwa baba na kwa mama pia. Wazazi wenyewe hubeba nusu na kuishi wazima, na kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa.

Mzee alisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo, Baba Mchungaji, na mwanangu naye?"

"Naye, mzee wetu. Na pengine wewe, au marehemu bibi."

Alinyamaza muda mrefu. Tukamweleza pia kwamba nusu hiyo humkinga mtu na malaria kali, na ndiyo maana imeenea kwenye nchi za mbu kama yetu. Huenda ndiyo iliyomvusha mwanawe utotoni. Jinsi kinga ya baba inavyokuwa kaburi la mtoto, hilo hatujui kulihubiri, na hatujajaribu. Mzee akaagiza mkwewe aitwe, aje akae nasi.

Siku hizi katika mafundisho ya ndoa tunawashauri wachumba wapime. Wawili walirudi na majibu: wote wanabeba. Walituuliza kama tutawafungisha. Tuliwaambia tutawafungisha wakitaka, na tukawaeleza yote, hata yale makaburi mawili. Bado wanafikiri.

Kwa mama yule tulikwenda kuomba radhi, mchungaji na mama mchungaji pamoja. Alisema, "Nimesikia," akaenda kuteka maji.

Binti huja Jumapili na chupa yake. Hunywa katikati ya mahubiri, kwa kelele, na hakuna mzee wa kanisa anayemkataza.