Mafumbo ya Upelelezi: Kazi ya Jumatano Alasiri mjini Brussels

Fumbo la upelelezi la watoto ni kisa kifupi, aghalabu cha kurasa mbili au tatu, chenye kosa moja, washukiwa wachache na swali la kumalizia: mpelelezi alijuaje? Donald J. Sobol wa Marekani aliueneza sana mtindo huu kuanzia mwaka 1963 kwa vitabu vya Encyclopedia Brown, mvulana wa miaka kumi ambaye baba yake ni mkuu wa polisi. Majibu yote huwekwa nyuma ya kitabu.

Brussels ilikuwa na mafumbo yake kabla ya hapo. Jarida la katuni la Tintin lilianzishwa mjini humo mwaka 1946, na mwaka 1955 likamleta Ric Hochet, mwanahabari mpelelezi aliyetungwa na Duchâteau na kuchorwa na Tibet. Baadhi ya visa vyake vilikuwa vifupi mno, msomaji akitakiwa amtambue mwenye hatia kabla ya kuambiwa. Katuni ina uwezo ambao maandishi matupu hayana: kidokezo hukaa ndani ya mchoro bila kutajwa hata kwa neno moja.

Mwandishi wa makala haya aliingia katika utunzi wa mafumbo kupitia darasani. Shule za msingi za Kifaransa mjini Brussels hufunga mchana kila Jumatano, na alasiri hizo alizitumia kufundisha Kiswahili watoto wa familia zilizotoka Afrika Mashariki na mashariki mwa Kongo, si mbali na Matonge, mtaa wa Ixelles uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa. Watoto walikisikia Kiswahili nyumbani, ila hawakuwa na haja ya kukisoma. Hadithi za kawaida waliziacha njiani. Fumbo walilisoma mpaka mwisho, kisha wakalirudia, maana aliyeruka sentensi alikuwa ameruka ushahidi.

Kisa kilichodumu kuliko vyote kilihusu baiskeli iliyoibwa nje ya maktaba. Shahidi anadai kwamba alimwona mwizi mwezi Desemba, saa kumi na mbili jioni, lakini hakumtambua kwa sababu jua lilikuwa likimpiga machoni. Mtoto wa Brussels humnasa papo hapo, kwani Desemba jua la huko huzama kabla ya saa kumi na moja. Kisa hichohicho kikisomwa Dar es Salaam hakina uongo wowote: saa hiyo jua bado linaonekana. Ndiyo sababu mafumbo yaliyotafsiriwa tu kutoka vitabu vya kigeni hayakufaa. Kidokezo sharti kitokane na jambo ambalo mtoto tayari analijua kwa kuishi mahali alipo. Fumbo linalotegemea elimu ya wakubwa linamdhulumu.

Utunzi huanzia kwenye jibu. Kwanza hupatikana uongo, kisha kinachouumbua, ndipo washukiwa wengine wabuniwe. Kidokezo hutajwa mapema, katikati ya sentensi inayoonekana kushughulikia jambo jingine. Rasimu ilisomwa kwa sauti darasani: darasa zima likijibu kabla ya swali, ilirudishwa mezani; watoto wakibishana huku wakifunua kurasa nyuma, ilikuwa imeiva.

Mazoea ya vitendawili yalisaidia sana. Mtegaji husema “Kitendawili!”, wenzake hujibu “Tega!”, na anayeshindwa hutoa mji. Kundi lililokata tamaa lilitoa mji vilevile, na miji iliyotolewa ilikuwa Tanga, Bukavu, Namur, Liège. Wanafunzi wakubwa walisimuliwa pia upelelezi wa Bwana Msa, aliyebuniwa na Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya mwaka 1960. Riwaya hiyo iliandikiwa watu wazima, lakini msimulizi akinyamaza kabla Bwana Msa hajaeleza alichogundua, watoto huishika kazi wenyewe, tena kwa hamu kubwa.

Vijitabu vya mafumbo hayo vilirudufiwa na kubanwa kwa pini. Majibu hayakuwekwa ndani. Yalibaki kwa mwalimu, na mtoto aliyapata baada tu ya kuandika, kwa Kiswahili, sentensi iliyomfichua mwongo na sababu yake.