Chanzo Hakikutaka Kutajwa Jina

Haya jamani, nimerudi. Najua nimeadimika, na wale walioniuliza kama nimeacha kazi au nimehamia porini, jibu ni kwamba hilo la pili lina ukweli ndani yake. Nipo Dakawa. Ukitoka Morogoro mjini unashika barabara ya Dodoma, kilometa 40 na ushee, na ukianza kuona majaruba ya mpunga ujue umefika kwangu. Mke wangu ni mwalimu, ualimu ndio uliomleta huku, na mimi ambaye kazi yangu inafanyika popote penye mtandao (siku mtandao ukiamka vizuri) nikabeba laptopu nikamfuata.

Tuna watoto watatu, wote wa kiume. Mkubwa ana miaka 9, wa kati 6, mdogo mitatu na nusu. Majina yao siyaandiki kwa sababu siku moja watasoma haya, na mkubwa tayari anasoma kila kitu kuanzia magazeti mpaka karatasi za kufungia vitumbua. Nitawaita kwa vyeo vyao. Mkubwa ni Mkuu wa Wilaya, kwa sababu anatoa maagizo na hafanyi kazi. Wa kati ni Mwanasheria. Mdogo ni Kadogo tu, hajapata cheo, lakini ndiye mwenye nchi.

Nikitembea nao njiani wanaume wananipa mkono: "Hongera bwana, madume matatu!" Wanawake wao wanampa mke wangu pole. Nilichelewa sana kuelewa ni upande upi ulikuwa unasema kweli.

Mimi kazi yangu ni kuuliza maswali. Nimewahi kumuuliza waziri swali akatoka ukumbini bila kujibu, nikajiona mwanaume. Sasa kaa na hawa watatu nusu saa tu. Dakawa ni mahali pabaya kwa baba asiyejua historia, maana historia imelala kila kona. Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu wetu, alifariki hapa kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984, akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Mkuu wa Wilaya alifundishwa shuleni, akaja nyumbani na uchungu kama msiba ni wa juzi. Tangu hapo kila tukipanda Coaster kwenda mjini anasimama katikati ya watu na kupaza sauti: "Dereva, punguza mwendo! Sokoine alifia hapa!" Mara ya kwanza abiria walicheka. Mara ya pili kuna mama mmoja wa makamo akaitikia, "Mtoto kasema kweli, punguza," na gari zima likamgeukia dereva. Dereva akapunguza. Nimeandika makala mbili za usalama barabarani maishani mwangu na sijui kama kuna mguu hata mmoja wa dereva ulioinuka kwa ajili yake.

Halafu kuna hawa ndugu zetu wa Afrika Kusini. Kwa wasiojua: wakati wa ubaguzi wa rangi chama cha ANC kilipewa ardhi Morogoro, wakajenga shule Mazimbu waliyoiita kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu mwaka 1979, na huku Dakawa wakajenga kituo kingine. Mwaka 1992 wakakabidhi vyote kwa serikali yetu wakarudi kwao. Niliwaeleza wanangu haya yote jioni moja, kwa ufasaha, nikiamini nimepanda mbegu. Kesho yake Mwanasheria akachimba nyuma ya nyumba akapata kijiko kilichopinda na kuliwa na kutu nusu. Akakitangaza ni kijiko cha Mandela.

Nikamwambia, baba, haiwezekani, miaka ile Mandela alikuwa gerezani, ametoka tarehe 11 Februari 1990.

Akanitazama kwa huruma. "Ndiyo maana alikisahau."

Kijiko kile kimesuguliwa kwa majivu, kimechemshwa na mama yake (mara mbili), na sasa uji haunywewi na mtu yeyote kwa kijiko kile isipokuwa mwenyewe. Watoto wa jirani wanakuja kukiona. Nina wasiwasi ameanza kutoza kiingilio.

Na mpunga je? Tumekodi eka moja kwenye skimu, tukapanda SARO 5 kama kila mtu hapa, nikajiona mkulima. Mwezi wa tano kwelea kwelea wakaja. Kama hujawaona, ni kandege kadogo kasiko na adabu kanakotembea kwa mamilioni. Bwana shamba mmoja alinifundisha kwamba ndege mmoja anakula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Kosa langu ni kulirudia hili mbele ya Mkuu wa Wilaya, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amefundishwa gramu na kilo. Siku mbili alishinda shambani na manati na debe bovu akipiga kelele, siku ya tatu akaniletea ankara kwenye karatasi ya daftari: ndege 300 wamefukuzwa, kilo 3 zimeokolewa, mara siku tatu, naomba nusu. Nikamuuliza umewahesabuje. Akasema walikuwa wanaruka kwa mistari. Nililipa. Nimeshalipa ankara mbovu kuliko ile.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike.

Ilikuwa Jumamosi, mwezi wa saba. Tumeshavuna, mpunga umeanikwa uani juu ya turubai. Mama mwenye nyumba alikuwa na semina mjini, akaondoka alfajiri akiniachia kazi tatu: geuza mpunga, wape watoto chakula, na watoto wasikaribie mfereji. La tatu alilisema mara mbili. Skimu ya Dakawa ni hekta 2,000 hivi, maji yanatoka mto Wami, na mifereji yake inapita karibu na nyumba za watu kama mitaro ya mjini. Ule wa karibu na kwetu si mkubwa. Mtu mzima maji yanamfika kwenye mapaja. Kadogo mapaja yangu yanamfika kifuani.

Saa tano hivi mhariri wa zamu akapiga. Habari yangu ndefu, anataka nipunguze aya mbili, tena chanzo kimoja anataka kukifahamu. Nikaanza kubishana naye, nikizunguka uani na simu sikioni kama kuku anayetaka kutaga. "Hapana kaka, chanzo hakikutaka kutajwa jina. Ndiyo. HAKIKUTAKA." Simu ile ilichukua dakika kumi na mbili. Najua kwa sababu baadaye niliangalia.

Nilipokata, Mkuu wa Wilaya alikuwa barazani anasoma. Mwanasheria alikuwa mlangoni amesimama, na mtu akisimama vile mlangoni bila sababu mimi kazini ningeshamshuku. Kadogo hakuwepo.

Unaanza kwa sauti ya kawaida. Unaita jina. Unaangalia chumbani, jikoni, chooni, nyuma ya pipa la maji. Unaita tena na sasa sauti imepanda kidogo, unajisikia mwenyewe. Unawaambia wakubwa, "Hebu mwiteni mdogo wenu," kana kwamba ni wito wa chakula. Kisha Mkuu wa Wilaya akatoka nje ya ua, akarudi, na mkononi ameshika yeboyebo moja ya bluu. Ndogo. Ya kushoto.

"Ilikuwa kwenye mfereji," akasema.

Nilikimbia, na simu bado ipo mkononi, nikaingia kwenye maji na viatu na kila kitu. Maji yale rangi yake ni ya chai ya maziwa, huoni hata mkono wako ukishauzamisha. Nikawa napapasa chini kwa miguu, kwa mikono, naelekea yanakokwenda. Kila nikigusa kitu laini moyo unasimama, ni majani. Vijana wawili wa bodaboda waliniona, hawakuuliza kitu, wakavua mashati wakaingia. Mama anayeuza maandazi akaacha karai kwenye moto. Nakumbuka nilimwona Mkuu wa Wilaya amesimama ukingoni ameikumbatia ile yeboyebo kwa mikono miwili, halii, na midomo yake inaenda bila sauti. Nilijua anasali. Sikuwahi kumwona akisali bila kuambiwa.

Sijui tulikaa mle muda gani. Robo saa, labda zaidi.

Halafu nikasikia sauti ya bibi jirani, anaita kutoka uani kwetu. Huyu bibi ni Mluguru wa juu milimani, na kwa kuwa mke wangu naye ni Mluguru, mimi kwake ni mkwe na ananichukulia kama mzigo ulioletwa kwa makosa. Alikuwa amekwenda moja kwa moja kwenye turubai. Pembeni, mahali tulipolikunja ili mpunga usimwagike, tulikuwa tumerundika mifuko mitupu ya sandarusi. Bibi akaondoa mfuko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kadogo alikuwa chini yake, amejikunja kama jongoo, jasho linamtoka, mpunga umemganda shavuni. Alikuwa macho.

Akaniangalia nikichuruzika maji, na kundi zima la watu nyuma yangu, akauliza: "Nimeshinda?"

Walikuwa wanacheza kombolela. Mwanasheria ndiye alikuwa wa kutafuta. Kadogo alijificha, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuna aliyempata, akasikia watu wanaliita jina lake, wengi, wakubwa kwa wadogo, na kila walivyoita ndivyo alivyojua kwamba anashinda zaidi. Sasa ungefanya nini, ungetoka?

Na yeboyebo? Mwanasheria alikuwa ameacha kumtafuta mwenzake akaenda kufanya meli. Meli ilipokwama ukingoni akaiacha hapo hapo, akarudi. Haya aliyajua wakati wote ule mimi nipo kwenye maji. Nilipomuuliza kwa nini hukusema, akajibu taratibu kwamba tulikatazwa kukaribia mfereji. Nilishindwa kumpiga na nilishindwa kumcheka. Nilikaa chini kwenye mpunga wa watu na suruali iliyolowa nikamshika Kadogo mpaka akaanza kulalamika kwamba nanuka.

Bibi hakuwa na haraka ya kuondoka. "Kwenu huko Bukoba mtoto ni wa baba," akaniambia. "Huku mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Wewe mkwe umeazimwa tu. Usitupotezee watu wetu." Nikasema ndiyo bibi. Nikasema ahsante bibi. Nilishasoma kuhusu ukoo wa upande wa mama kwa Waluguru, niliwahi hata kuuandikia, lakini sikuwahi kuusomewa kama mashtaka.

Alasiri nikaitisha kikao. Soda tatu na maandazi kumi (mama wa maandazi alikataa hela, nikaiacha juu ya karai). Nikawaambia wanangu kwamba mama anarudi amechoka, hakuna aliyeumia, hivyo hakuna sababu ya kumsumbua. Yaani mimi, ninayelipwa ili watu wasifichwe mambo. Mkuu wa Wilaya akakubali. Kadogo akakubali kwa sababu ya soda. Mwanasheria akauliza kama hiyo ni sawa na uongo, nikamwambia si uongo, ni kutosema. Akafikiri. Akanywa soda.

Usiku tupo mezani. Wali wa mpunga wetu wenyewe, maharage, mchicha. Mama yao anauliza mlishindaje. Salama, nikasema. Salama, akasema Mkuu wa Wilaya na macho yapo kwenye sahani. Kimya. Nikasikia kijiko cha Mandela kinawekwa chini.

"Mama," akasema Mwanasheria, "kuna jambo kubwa limetokea leo, lakini chanzo hakikutaka kutajwa jina."

Mke wangu hakucheka. Alinitazama, akatazama dirishani ambako suruali yangu ilikuwa imeanikwa na tope bado linaonekana, akatazama yeboyebo ya bluu ambayo Mkuu wa Wilaya alikuwa ameiosha na kuiweka kwenye kizingiti, moja tu. Mwalimu yule, hahitaji kuelezwa mara mbili. Akainuka, akamchukua Kadogo kutoka kwenye kiti chake, akampakata, akaendelea kula kwa mkono mmoja. Kadogo akamweleza yote, na alianza na ushindi.

Tulizungumza baadaye, walipolala. Aliyoniambia nitabaki nayo mwenyewe, ila sauti yake ilikuwa ya chini sana, na wenye ndoa mnajua kwamba hiyo ni mbaya kuliko ya juu.

Siku hizi simu ikiita namwambia mhariri asubiri, natoka nje nahesabu kwanza. Moja, mbili, tatu, ndipo tunaongea. Juzi akanisikia akauliza nahesabu nini, nikamwambia mpunga. Jana nilihesabu wakawa wanne. Nikahesabu tena, wanne. Wa nne ni mtoto wa mama wa maandazi, alikuwa amekuja kuona kijiko.