Siku Mathe Alinipeleka SeaWorld

Wacha nianze na kukiri. Mnaonifuata kitambo mnakumbuka ile video yangu ya pomboo. Ile nimesimama kwa ngazi za ploti, hudi nyeusi, sura ya kazi, nikiwaambia kwamba mtu akinunua tiketi ya kuona pomboo wakiruka kwa bwawa, amelipia jela. Sekunde tisini. Mliipenda, mkaisambaza hadi kwa magrupu ya shangazi zenu. Kuna mmoja aliandika kwa komenti ati ameapa hatawahi kuingia mahali kama hapo, nami nikamwekea moyo.

Miezi mitatu baadaye nilikuwa ndani ya mahali kama hapo. Na tiketi alinunua mamangu.

Mathe anafanya kazi ya nyumba huko Ghuba. Aliondoka mwanzo wa 2006, nikiwa na miaka minne na nusu. Asubuhi hiyo kukhu alinituma posho mill na binamu yangu mkubwa, na mimi nikajiona mwanaume kweli kubebeshwa debe dogo la mahindi. Tuliporudi na unga, begi la Mathe halikuwa mlangoni tena. Hakuna mtu alinieleza kitu. Niliendelea kuuliza kwa siku kadhaa, halafu nikaacha, venye watoto huacha. Tangu hapo amekuwa mtu wa simu, na mtu wa mwezi mmoja kila baada ya miaka miwili, akija na blanketi nzito na chokoleti zilizoyeyuka.

Desemba 2023 ndiyo mara ya kwanza mimi kwenda kwake badala ya yeye kuja. Nilikuwa nimelipwa pesa ya tangazo, ile ya kwanza ya maana, na badala ya kununua kamera nikanunua tiketi ya ndege ya Abu Dhabi. Nililala Mussafah, kwa chumba ambacho jamaa wa kwetu sita wanakodi vitanda, na nikangoja siku ya Mathe ya mapumziko.

Akaja amevaa gauni la kitenge na raba nyeupe mpya kabisa. "Papa," akasema (ananiita papa kwa sababu nimerithi jina la babake), "leo usiulize tunaenda wapi." Basi, kisha teksi. Nikaona madaraja, nikaona maji, nikaona jengo kubwa la rangi ya mchanga, halafu nikaona jina. Manze, moyo ulianguka.

SeaWorld ya Kisiwa cha Yas ilifunguliwa Mei 2023. Ndiyo ya kwanza ya kampuni hiyo nje ya Marekani, na ndiyo ya kwanza kujengwa bila orka hata mmoja. Haya nilikuwa nayajua kwa kichwa kwa sababu nilikuwa nimeyasema kwa video yangu. Tiketi zetu mbili, nikipiga hesabu kwa shilingi, zilizidi kodi yangu ya mwezi mzima, na Mathe alikuwa ameziweka kwa mkoba ndani ya bahasha kama cheti cha kuzaliwa. Sasa hapo ungefanya nini? Mimi niliingia.

Na lazima niwaambie ukweli wa ndani, kwa sababu video yangu haikuusema: ni pazuri. Kila kitu kiko ndani ya jengo, baridi ya viyoyozi, na kuna tangi moja lenye zaidi ya lita milioni 25 za maji na dirisha lenye urefu wa mita 20 hivi kwenda juu. Unasimama chini yake kama mdudu. Papa wanapita, taa wanapita na mabawa yao, samaki wadogo wanazunguka kama moshi. Mathe alisimama pale bila kusema kitu kwa muda mrefu hadi nikadhani amechoka. Kumbe alikuwa analia kidogo. Akapangusa na pembe ya lesso, akasema, "Kumbe Mungu amejificha huku."

Kumbukeni huyu ni mtu wa Kakamega. Ana miaka 47. Amepita juu ya bahari kwa ndege mara nyingi kuliko mnavyopanda matatu ya Thika Road, lakini Mombasa hajawahi kufika. Watamu na Malindi zina hifadhi za bahari tangu 1968. Huko Shimoni unapanda boti kwenda Kisite na pomboo wanakuja wenyewe, bure, bila mtu kuwapigia filimbi. Yeye pomboo wake wa kwanza alimwona kwa jumba lililojengwa kando ya jangwa, siku yake ya kupumzika kazi ya kufua nguo za watu. Hilo ni swali la nani nchini kwetu hupata likizo, na nitalirudia siku nyingine kwa sababu linanikera.

Basi tukaingia kwa pomboo. Watu wamejaa, watoto wako kwa mabega ya baba zao. Wakufunzi wanainua mkono, pomboo wanapanda hewani wote pamoja, maji yanaruka, muziki unapigwa. Mathe akasimama. Akapiga makofi, akapiga kigelegele, kile cha kwetu cha harusi, na familia moja mbele yetu ikageuka ikacheka vizuri naye. Sijawahi kumwona hivyo. Kwa simu hawezi kuwa hivyo, na akija nyumbani ana mambo ya karo na paa la kukhu.

Na mimi nilikuwa nimekunja mikono. Enyewe nilikuwa nimenuna kama mtoto. Nilikuwa nafikiria je, mtu akinipiga picha hapa? Si huruma ya pomboo iliyonishika wakati huo, wacha nisidanganye. Ilikuwa aibu ya mwenye chaneli.

"Mbona hufurahi?" akauliza.

Nikamwambia. Hapo hapo, kwa kiti, watu wakiendelea kushangilia, nikampa mamangu ile video yangu yote, lakini ndefu.

Nikaanza na orka, wale wengi huita nyangumi wauaji, ingawa kwa ukoo ni jamaa ya pomboo. Nikamwambia SeaWorld ilianza San Diego, California, mwaka wa 1964, na mwaka uliofuata wakaleta orka jike aliyeitwa Shamu, aliyekamatwa baharini. Shamu alikufa 1971 lakini jina lake likaendelea kupewa wengine, mmoja baada ya mwingine, ili mtoto anayekuja na wazazi wake aone Shamu hafi. Nikamwambia Tilikum, dume kubwa, alinaswa karibu na Iceland mnamo 1983 akiwa na miaka kama miwili, akaishi kwa mabwawa hadi alipokufa Januari 2017. Katikati ya hapo alihusika na vifo vya watu watatu. Wa mwisho alikuwa mkufunzi wake, Dawn Brancheau, huko Orlando, Februari 24, 2010. Nikamwambia kuhusu filamu ya Blackfish ya 2013, venye watu walikasirika, venye kampuni ilisema filamu ile inapotosha, na venye hata hivyo mnamo Machi 2016 ilitangaza haitazalisha orka tena. Hata wakufunzi hawaingii tena majini na orka kwa maonyesho. Na hapa Abu Dhabi hawakuleta orka kabisa. "Lakini pomboo wamewaleta," nikamaliza, kama wakili.

Mathe alikuwa anasikiliza, macho kwa maji. Hakuonekana kuguswa sana. Watu kufa kazini, mabosi kukana, yeye hayo si habari mpya kwake. Basi nikaongeza ile hadithi ambayo kwa Blackfish ndiyo iliniliza mimi mwenyewe. Orlando, 1985, orka aitwaye Katina alizaa mtoto wa kike, Kalina. Ndiye orka wa kwanza kuzaliwa kwa bwawa na kuishi. Wote waliotangulia hawakudumu. Watu walimpenda ajabu. Mwanzo wa 1990 wakamtoa kwa mamake, wakampeleka bustani yao nyingine. Kwa filamu kuna mkufunzi wa zamani anayesimulia venye Katina alibaki kwa kona ya bwawa usiku ule akitetemeka, akitoa sauti za kilio. Nikamwambia kuna jamii za orka huko Pasifiki ambako mtoto hamwachi mamake maisha yote, hata dume likiwa zee.

Hapo ndipo Mathe aligeuka.

"Huyo mtoto alikuwa na miaka mingapi?"

"Minne na kitu," nikasema.

Nilisikia nilichosema baada ya kukisema.

Onyesho likaisha. Watu wakaanza kutoka, mtoto mmoja akaangusha popkoni mbele ya miguu yetu na Mathe, kwa mazoea, akainama kuziokota. Nikamshika mkono. Akaniambia, bila hasira, kwa sauti ile ya kuagiza sukari: "Mimi sikulia kwa kona, papa. Nililia kwa choo cha uwanja wa ndege, kwa sababu wakala alituambia anayelia mbele ya askari wa pasipoti atarudishwa." Halafu akasema, "Kukhu alisema ulikula vizuri siku hiyo."

Sikukula vizuri. Lakini sikumwambia.

Na msinielewe vibaya. Sisemi Mathe na Katina ni kitu kimoja. Mathe alisaini karatasi, alijua mshahara, alichagua kati ya mabaya mawili kama watu wazima wengi wa kwetu. Orka hasaini. Pia sijabadilisha msimamo: mnyama anayeogelea kilomita nyingi kwa siku, anayeishi kwa ukoo, hana kazi kwa bwawa, hata bwawa liwe safi namna gani, na makofi ya mamangu hayafanyi bwawa kuwa bahari. Nilichobadilisha ni mdomo. Video ile niliongea kama wanaonunua tiketi ni wajinga au wakatili, na sikuwa nimewahi kukaa kando ya mmoja wao nikaona anachonunua. Wengine wananunua saa sita za kuwa na mtoto wao.

Tena hata kule nilikowatuma si peponi. Nilipofunga ile video nilisema nendeni Shimoni, muwaone wakiwa huru. Mimi nimeenda, mara moja, na watu wa kampasi. Pomboo walitokea, kama watano hivi, na kufumba na kufumbua boti nne zikawazunguka, injini zikinguruma, kila nahodha akitaka wageni wake wapige picha ya karibu. Boti yetu ilikuwa mmoja wapo, na mimi ndiye nilikuwa napiga kelele "sogea, sogea!" Sehemu hiyo niliikata. Siku hizi nikiulizwa nasema tafuta nahodha anayezima injini na kungoja wao ndio waje, na ukikosa, kaa ufuoni ule viazi karai.

Turudi kwa siku yetu. Baada ya pomboo nilidhani nimeiharibu. Tulitembea kimya hadi pale kwa Manta, ile treni ya kukimbiza watu hewani, inayorushwa kwa kasi hadi roho inabaki nyuma. Mathe akaiangalia ikipita juu yetu na mayowe yake. Akanipa mkoba. Akabadilisha mawazo, akauchukua, akauweka kwa kabati za pale, akanishika mkono.

"Hii haina mnyama," akasema. "Hii utapanda."

Nilipanda. Alipiga mayowe kwa Kiluhya, akaita majina ya watu waliokufa, akamwita babake, ambaye pia ni mimi. Tuliposhuka miguu yake ilikuwa inatetemeka na alikuwa anacheka hadi hawezi kusimama, na tukapanda tena.

Nina video ya hiyo siku. Mathe mbele ya lile dirisha la mita 20, mgongo kwa kamera, taa mkubwa akipita juu ya kichwa chake. Ni kitu kizuri zaidi nimewahi kupiga na sitaiweka hapa. Ile ya sekunde tisini nimeiacha ilipo, mniletee komenti zenu.

Wiki iliyopita alipiga simu. Mambo ya paa, mambo ya kukhu na dawa za presha, halafu kabla ya kukata akauliza kama mtu anayeulizia jirani: "Yule mtoto wa samaki. Alirudi kwa mamake?"

Nikamwambia nitaangalia. Nikaangalia. Kalina alirudishwa Orlando mwaka wa 1994, baada ya miaka minne na zaidi, akaishi tena bustani moja na Katina hadi alipokufa mwaka wa 2010. Lakini kufikia 1994 na yeye alikuwa amezaa, huko Texas, mtoto wa kiume anaitwa Keet. Ili arudi kwa mamake ilibidi amwache. Keet alikuwa na miezi 20.

Nilimpigia Mathe jioni, saa ile anakuwa amemaliza vyombo. Nikamwambia, "Ndiyo, Mama. Alirudi."

"Asante Yesu," akasema, na akaniuliza kama nimekula.