Maji ya Mgeni

Kwetu mgeni akibisha hodi hupewa maji kabla hajaulizwa habari za safari. Nyumba yaweza kukosa chakula isione haya sana, lakini ikikosa maji ya kumpa mgeni hutahayari. Kwa hiyo huwauma wenyeji kumwona mtu wa ng'ambo akipokea kikombe kwa mikono miwili, akashukuru, kisha akakiweka chini bila ya kukionja. Nimesikia wazee wakiliita jambo hilo kiburi. Mimi silioni hivyo.

Thika ni mji wa maji. Mito miwili, Chania na Thika, huporomoka hapa kwa kishindo, na hoteli ya Blue Posts iliyofunguliwa mwaka 1908 imekaa kati yao. Bwawa la Ruiru lilikamilika mwaka 1950. La Ndakaini, liwezalo kuhifadhi mita za ujazo milioni 70, mwaka 1994. Maji ya Ndakaini husafishwa Ng'ethu, kisha huteremka Nairobi. Nasi tulio njiani, bomba likikauka, twanunua maji ya mkokoteni kwa mtungi wa lita 20, jambo ambalo sijapata kulizoea.

Maji hutoka mtamboni yakiwa safi, walakini huharibikia safarini. Bomba lililojaa kwa nguvu, hata likiwa na ufa, hutema nje. Bomba lililokaa kavu siku mbili hunyonya ndani matope ya kandokando yake, na pengine majitaka ya vyooni. Kisha kuna tangi lisilofunikwa, na mtungi uliooshwa kwa mchanga na haraka. Jicho haliwezi kuamua neno hapa, wala ulimi. Mwaka 1854, kipindupindu kilipoingia mtaa wa Broad Street mjini London, mama mmoja mjane aliyekuwa amehamia Hampstead alikuwa akiletewa maji ya pampu ya mtaa huo, kwa sababu aliyapenda kuliko maji mengine yote. Yalimuua. Daktari John Snow aliutumia msiba huo kuonyesha kwamba ugonjwa ulikuwa katika maji, si katika hewa kama walivyodhani wengi.

Jirani yangu wa Ruiru ana mjukuu aliyezaliwa Uingereza. Alipokuja likizo alipewa maji, akauliza, "Cucu, yamechemshwa?" Bibi alinyamaza mchana kutwa. Jioni niliitwa niamue.

"Mwalimu," akasema, "mtoto wangu aniona mchafu."

Nikamwambia, "Cucu, chai yako ameikataa?"

"Amekunywa vikombe vitatu."

"Basi hakukukataa wewe. Chai imechemka."

Alicheka kidogo, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia. Wajukuu wengine wanne walio naye siku zote, ambao kila masika huendesha matumbo, je, hao matumbo yao ni ya chuma? Ikiwa maji yamdhuru wa Uingereza, kwa nini tuliyaona yawafaa wa Ruiru? Tangu siku hiyo sufuria ya pili yenye kifuniko hukaa jikoni mwake, na maji yake hayachanganywi na mengine.

Kuchemsha si kazi ndefu. Maji yakitokota kwa nguvu dakika moja, vijidudu vya maradhi hufa. Penye mwinuko upitao mita 2,000, ngoja dakika tatu. Thika iko juu ya mita 1,500, hivyo maji hutokota kabla ya kufika digrii 100, walakini joto hilo latosha. Msafiri akumbuke pia barafu na maji ya kupigia mswaki, maana wengi hununua chupa iliyofungwa vema, kisha wakaitilia barafu ya bombani.

Lipo jambo moja ambalo moto hauliwezi. Baadhi ya visima virefu vya Kenya vina madini ya floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kipimo kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Hayo huyatia meno ya watoto rangi ya kahawia isiyotoka, na kuyachemsha maji hayo huzidisha tu ukali wake, kwa kuwa mvuke huondoka na madini hubaki. Mgeni wa wiki mbili hayatamdhuru meno. Mtoto anayekulia kando ya kisima hicho ndiye wa kutafutiwa maji mengine.