Kompyuta ya Dirishani

Steshenari ya mjomba, Morogoro, nyuma kidogo ya soko kuu, ilikuwa na kompyuta tatu. "Ya dirishani" ilikaa mbele kabisa, mteja akiegemea kaunta anaiona skrini yote. "Ya kati" ilikuwa ya picha za pasipoti na kuchoma CD. Ya tatu ilifunikwa kitambaa cha kudarizi kila jioni, kama redio za zamani, na hiyo ilikuwa ya Dada. Tulimwita Dada sote, hata mimi niliyekuwa rika la mwanawe wa mwisho.

Zote zilikuwa Pentium 4, RAM megabaiti 512, na zote zilikuwa na Windows XP na ule mlima wake wa kijani chini ya anga la bluu. Wateja waliubishania sana. Mtu wa Njombe aliapa ni kwao, wa Lushoto akasema ni kwao. Mimi ndiye niliyewaharibia starehe, nilipowaambia ni picha ya Mmarekani mmoja, Charles O'Rear, aliyoipiga mwaka 1996 huko Sonoma, California. Mzee mmoja wa Makete alinitazama kwa huruma tu.

Kilichotutesa ni virusi vya flashi. Aliyewahi kukaa steshenari karibu na vyuo miaka ile anavijua. Mwanafunzi anafika mbio, kesho anakabidhi ripoti ya utafiti, anachomeka flashi, na mafolda yake yote yamekuwa vijishale. Akibofya hakuna kitu. Kumbe mafaili yapo, virusi vimeyaficha tu na kuweka njia za mkato za uongo zenye majina yaleyale, na ukizibofya ndipo unavipa ruhusa ya kuhamia kwenye kompyuta. Nilikuwa naandika ile amri ya attrib ya kuyafichua gizani bila kutazama kibodi. Mafaili yanarudi, mwanafunzi anashukuru, anaprinti, anaondoka. Anayefuata anachomeka yake safi, anaondoka nayo chafu. Sisi ndio tuliokuwa tunauza ugonjwa asubuhi na dawa mchana, na dawa tulitoza shilingi 500. Mjomba lilimkera hilo. Alikuwa mtu wa swala tano, na ile mia tano ilimkaa vibaya.

Mwanzoni mwa 2014 nikamletea habari kwamba ifikapo tarehe 8 Aprili, Microsoft wanaacha kuihudumia XP. Hakutakuwa tena na marekebisho ya usalama, baada ya zaidi ya miaka 12 tangu itoke. Niliisema kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. Nilikuwa na miaka 23 na stashahada mpya mfukoni.

Mjomba akauliza, "Haya marekebisho, sisi tulikuwa tunayapata?"

Swali gumu. Windows zetu zilipigwa na fundi kwa CD iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito, na jambo la kwanza alilofanya fundi yule ni kuzima masasisho, ili mashine zisije zikajulikana. Tangu siku hiyo hazikuwahi kupokea kitu.

"Hapana, mjomba."

"Sasa tulichokuwa hatupewi, wanatunyima nini?"

Sikuwa na jibu, na nikizihesabu hoja zote nilizozisikia kuhusu jambo hili tangu wakati ule, hiyo ndiyo sijaiona ikijibiwa vizuri.

Lakini nilikuwa na langu. Windows 7 ilitaka RAM gigabaiti moja kwa uchache, mashine zetu zilikuwa na nusu yake. Kwa hiyo ama tununue kompyuta nyingine, ama tubaki na XP tumwachie Mungu, ama tuhamie Linux. Nilijua mjomba anapenda nini, nikaanza na historia. Nikamweleza Linux ilianzishwa na mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, mwaka 1991, na kwamba Ubuntu, mojawapo ya chipukizi zake, ililetwa mwaka 2004 na Mwafrika Kusini, Mark Shuttleworth, aliyewahi kwenda anga za juu. Mjomba hayo ya anga hayakumgusa. "Bure?" akauliza. Bure. "Na halali?" Halali, ruksa hata kumnakilia jirani. Hapo akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu. Ile CD ya kalamu ya wino ilikuwa inamsumbua kuliko nilivyojua.

Siku tisa baada ya XP kuachwa, tarehe 17 Aprili, likatoka toleo jipya la Ubuntu, na pamoja nalo Lubuntu, ndugu yake mwepesi wa mashine chovu. Nililishusha kwa bando la usiku, karibu megabaiti 700, nimelaza modemu dirishani ambako mtandao ulikuwa unashika. Asubuhi nikalichoma kwenye CD.

Uzuri wa CD zile ni kwamba unaweza kuiwasha kompyuta kutoka kwenye CD yenyewe, ukaangalia, ukazima, na Windows yako ikabaki ilivyokuwa. Niliiwasha ya dirishani mbele ya mjomba na wateja wawili. Kisha nikachukua flashi chafu kuliko zote, ya kijana mmoja wa Mzumbe, nikaichomeka.

Mafolda yakaonekana yote. Na kando yake, vimekaa wazi kama panya waliowashiwa taa, virusi vyenyewe: lile faili la autorun, vijishale vyote, na kifaili kimoja chenye jina la herufi zisizosomeka. Nikavibofya kimoja kimoja. Kimya. Vilitengenezwa kwa ajili ya Windows, hapa vilikuwa wageni wasiojua lugha. Nikavichagua, nikavifuta. Kijana wa Mzumbe akasema, "Bro, hii ifanyie na ya mwenzangu." Mjomba akasema tuipige Lubuntu kwenye zote tatu, Jumapili.

Nilifanya kosa la kutomuuliza Dada.

Dada alisomea uhazili Tabora, enzi za tapureta na hatimkato, na alikuwa bado anaipiga kibodi kwa nguvu kama vile kuna utepe wa wino wa kugonga. Hakuwa anatazama skrini. Alitazama karatasi ya mteja, mkono wa kushoto, na vidole vilikwenda vyenyewe. Kuingiza jedwali, kuhesabu maneno, kupanga pande mbili: yote yalikuwa ni mpangilio wa vidole, Alt, kisha herufi, kisha mshale chini mara tatu, Enter. Alitumia Word 2003. Ukimuuliza kitu kiko kwenye menyu gani hakujua, ila mkono ulijua.

Jumatatu alikaa mbele ya LibreOffice, iliyochukua nafasi ya Word. Nilikuwa nimemfanyia hisani, nimeigeuza menyu kuwa Kiswahili, kadiri tafsiri ilivyokuwepo. Nilijivunia hilo. Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mradi wa Kilinux ulishatoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, Desemba 2004, na mimi niliona kwamba mtu kama Dada ndiye aliyekusudiwa.

Akatazama muda mrefu. "Mwanangu, hii 'Bandika' ndiyo nini?"

"Ni paste, Dada."

"Si wangesema paste."

Kisha akaanza kuchapa barua ya mteja, na nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona. Dada alisimama. Vidole vilipiga Alt na herufi yake, mshale mara tatu, Enter, na kikafunguka kitu kingine kabisa. Akafuta. Akarudia. Akauinua mkono wa kulia akautazama, mbele na nyuma, kama mtu aliyemwagikiwa na kitu. Hakulalamika. Alichapa kurasa nne siku ile, mwanamke aliyekuwa anamaliza ishirini kabla ya adhuhuri.

Kadi za mchango wa harusi zilikuwa balaa la pili. Dada alikuwa na folda la kadi tangu 2006, mamia, zote kwenye Publisher: maua, njiwa wawili, pete, majina ya wazazi, na nafasi ya "Mr & Mrs" yenye vinukta. Mteja anachagua, unabadili majina, unaprinti. LibreOffice ilikuwa imeanza mwaka uliotangulia kufungua mafaili ya Publisher, nami niliitegemea hiyo. Ilifungua kweli. Njiwa wakawa juu ya jina la bibi harusi, na tarehe ikajificha nyuma ya ua.

Halafu ule mtihani. Mwalimu wa sekondari moja alituletea mtihani wa kemia kwenye flashi, kurasa nne, ameutengeneza kwenye laptopu yake. Nikaufungua, nikatazama ukurasa wa kwanza, nikaona sawa. Nikaprinti, nikatoa kopi 180 usiku, jenereta inaunguruma nje. Laiti ningefika ukurasa wa tatu. Mwalimu alitumia Calibri na Cambria, fonti za Microsoft ambazo haziji na Linux. Fonti isipokuwepo, programu huazima nyingine, na herufi ikizidi upana hata kwa unywele, neno la mwisho linashuka mstari, mstari unasukuma mwenzake, na jedwali la swali la 9 linakatika katikati. Mishale ya mlinganyo ilikuwa imegeuka vijisanduku vitupu. Kurasa nne zilikuwa tano. Mwalimu alifika na bodaboda saa kumi na mbili asubuhi, akachukua rundo, akafunua, akaliweka tena kaunta taratibu. Kosa lilikuwa langu, si la programu wala la mwalimu, na rimu mbili za karatasi zilikatwa kwenye posho yangu.

Printa sitaizungumzia sana. Ilikuwa ndogo, ya leza, na iliniweka macho siku mbili kwa sababu ilisubiri kuambiwa mambo kwa lugha ya Windows tu.

Mjomba hakunigombeza. Alichukua daftari la kaunta, akapiga mstari katikati ya ukurasa, na kwa wiki mbili akawa anaandika kila kazi iliyoingia, upande mmoja zilizokwenda, upande wa pili zilizokwama, na kwenye kila iliyokwama aliandika faili lilitoka wapi. Mwisho wa wiki ya pili akaniita tukasome. Zilizokwama karibu zote zilikuwa za watu wengine: mwalimu, mwanakamati wa harusi, ofisi ya kata, mwanafunzi ambaye msimamizi wake atamrudishia maoni yaliyoandikwa pembeni kwenye Word. Barua tulizozichapa wenyewe tangu mwanzo hazikuwa na shida hata moja.

"Unaona," akasema, "hapa hatuchagui mashine yetu."

Ya dirishani ikabaki na Lubuntu. Kazi yake ikawa kupokea flashi tu: kila flashi ya mteja ilipita hapo kwanza, ikasafishwa, na ile mia tano mjomba akaifuta. Sijui habari zilisambaa vipi, lakini wanafunzi walianza kuja na flashi za mabweni mazima zimefungwa kwenye kamba. Ya kati ilibadilishwa kwa dual-core ya mtumba kutoka Kariakoo, yenye Windows 7. Ya Dada nikairudishia XP, Word 2003 na njiwa zake, nikachomoa waya wa mtandao. Ilifanya kazi hivyo hadi ubao wake ulipoungua, mwaka 2017.

Oktoba 2025 mjomba alinipigia simu. Nilikuwa Dodoma. Amesikia Windows 10 nayo imefika mwisho, tarehe 14, na kijana wa dukani amemwambia mashine zao hazikidhi masharti ya Windows 11. "Ile CD yako bado unayo?"

Nikamwambia siku hizi inawekwa kwenye flashi, mashine zenyewe hazina hata pa kuiingizia CD. Nikamwambia nitakuja mwisho wa wiki.

"Njoo," akasema. "Ila kabla hujapanda basi, mpigie Dada kwanza."