Nani Alikula Mnofu?

Takwimu za wageni waliowasili Zanzibar zinapotangazwa, mimi huzichukua hadi darasani. Mwaka 2024 waliingia zaidi ya 700,000, katika visiwa ambavyo sensa ya 2022 ilihesabu wakazi wasiofika milioni 2. Huwauliza wanafunzi swali moja tu: wageni hao walikula nini, na chakula hicho kilitoka kwenye sahani ya nani? Kwa kawaida ukumbi hunyamaza kidogo, kisha mmoja hunyanyua mkono na kunitajia mchango wa utalii katika pato la taifa. Simlaumu. Ndivyo tulivyofundishwa kuutazama utalii: kwa vitanda, kwa dola na kwa ndege zinazotua.

Nchi hii ina historia ya kuujadili utalii kwa ukali. Mwaka 1973 Issa Shivji alihariri kitabu kilichokusanya mjadala uliowashwa na vijana wa TANU wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuendelea magazetini. Mjadala ule uligusa zaidi fedha za kigeni, utegemezi na hadhi ya mwananchi mbele ya mgeni. Yalikuwa maswali mazito, na mengi yangali hai. Ila jikoni hayakuingia, na mimi naamini jikoni ndiko mahali ambapo utalii unaonekana bila mapambo.

Chukua pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Paje na Jambiani hadi Makunduchi. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa hadi mbali, wanawake hutembea hadi mwambani kuchokoa pweza. Ni kazi ya macho na subira: kulitambua pango, kuingiza kijiti, kuvuta. Zamani sehemu kubwa ya pweza huyo iliishia kwenye chungu cha nyumbani, akapikwa kwa tui, na mtaa mzima ukajua fulani leo anapika nini. Leo mchuuzi humngoja mvuvi ufukweni akiwa na mizani na simu mkononi, na pweza huenda hotelini kabla mvuvi hajafika nyumbani. Changu, nguru na jodari nao wana safari hiyo hiyo. Kinachorudi nyumbani ni fedha, na fedha hiyo hununua mchele wa kutoka nje, unga, mafuta, sukari, na dagaa wa kufanya kitoweo.

Neno kitoweo linastahili kutazamwa. Mswahili akisema amekula wali, hajamaliza habari. Utamuuliza kwa kitoweo gani. Wali hushibisha, kitoweo ndicho huufanya mlo kuwa mlo. Na kitoweo hugawanywa. Kuna mnofu, kuna kichwa, kuna mchuzi mtupu wenye harufu ya samaki. Mtafiti akibisha hodi na dodoso lake akauliza, "Jana mlikula samaki?", ataambiwa ndiyo, na atakuwa hakudanganywa. Mtoto aliyepata mchuzi na baba aliyepata mnofu wote wamo ndani ya "ndiyo" hiyo moja.

Hapo ndipo ninapogombana na vipimo vyetu. Kaya, kwa maana inayotumiwa na watakwimu wetu, ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Kipimo kinachotumika sana cha anuwai ya chakula katika kaya huorodhesha makundi 12 ya vyakula vilivyoliwa katika saa 24 zilizopita, na huacha nje chakula kilichopikwa na kuliwa mbali na nyumbani. Kwa kijiji cha wakulima wanaorudi wote jioni, sawa. Lakini fikiria nyumba ambayo baba ni mpishi msaidizi hotelini na binti mkubwa hutandika vitanda. Wote wawili hula kazini, katika kantini ya wafanyakazi: wali, maharage, mara nyingine kuku. Wanaobaki nyumbani ni bibi, mama na watoto wadogo. Chungu kimoja kimekwisha kuwa vyungu viwili, na dodoso linaona kimoja tu.

Wala si virutubisho peke yake. Sinia lilikuwa na sheria zake. Mtoto alijifunza kula upande wake, kutokimbilia kipande cha katikati, kumngoja mkubwa aanze. Baba au babu ndiye aliyekimega kipande hicho na kumsukumia kila mmoja sehemu yake. Mkono ule ulikuwa ugawaji wa chakula na malezi kwa wakati mmoja. Zamu ya hoteli ikimchukua baba kutoka saa nane mchana hadi usiku wa manane, sinia huandikwa bila mgawaji, na mara nyingi haliandikwi kabisa. Kila mtu hupakuliwa sahani yake kwa wakati wake.

Baadhi ya wenzangu husema haya ni majonzi ya wazee wanaolilia sinia. Sikubaliani nao, ingawa hoja yao ina uzito upande mmoja. Fedha ya pweza ni ya mwanamke mwenyewe. Humlipia mtoto sare na daftari bila kuomba ruhusa ya mtu, na hilo si jambo dogo. Mama mmoja mtu mzima alinikumbusha mwaka 2020, hoteli zilipofungwa kwa ajili ya korona na wachuuzi wakatoweka ufukweni. "Mwanangu," aliniambia, "mwaka ule pweza tulimla mpaka tukachoka. Lakini mchele wa kumlia ndio hatuna." Sentensi hiyo ina sosholojia nyingi kuliko ripoti nyingi nilizosoma. Kijiji kilikuwa kimefika mahali ambapo hakiwezi kuwa na pweza na mchele kwa pamoja.

Audrey Richards, aliyechapisha utafiti wake juu ya Wabemba wa Zambia ya leo mwaka 1939, aliuona ugumu wa namna hii mapema. Wanaume walipokwenda migodini, hakuhesabu mishahara pekee. Alifuatilia nani alipika, nani alialikwa, nani alikula na nani. Kazi ya namna hiyo ni ya polepole, na wafadhili wa leo hawaipendi sana kwa sababu haitoi jedwali ndani ya miezi mitatu.

Kwa maafisa lishe na maafisa mipango wanaosoma hapa: mikataba ya uwekezaji huzungumzia ajira kwa wenyeji na, mara nyingine, ununuzi wa mazao yao. Soko hilo likipanuka bila samaki kuongezeka baharini, kitakachouzwa ni kitoweo cha watoto wa kijiji kile kile tunachosema tunakiinua. Ufungaji wa miamba ya pweza kwa miezi kadhaa, kama unavyofanyika Kizimkazi na sehemu za Pemba, huwapa pweza muda wa kukua. Bado haujajibu wanakwenda sahani ipi.

Muhula huu wanafunzi wangu hawapeleki dodoso. Kila mmoja anakaa na familia moja na daftari la mistari, akiandika kila jioni chakula kiliandikwa saa ngapi, nani alikuwepo na nani alipata kipande gani. Madaftari ya kwanza yamerudi wiki iliyopita. Katika moja, safu ya baba ina neno lile lile kutoka juu hadi chini ya ukurasa: kazini.